Ziwa Namba 118

Jumanne saa nne asubuhi, Mama Mniko alikuwa anasiriba ukuta wa nyumba yake kwa udongo wa kijivu, kama afanyavyo kila mwaka baada ya mavuno, ziwa la zamani liliporudi. Lilishuka taratibu kutoka kilimani, likapita kwenye migomba bila kung'oa hata mmoja, likasimama hatua tatu kutoka mlangoni. Katikati lilielea pande la barafu, kubwa kama ng'ombe aliyelala. Mbuzi wakaenda kunywa.

"Ungebisha hodi," alisema, akaendelea kusiriba.

Shida yake haikuwa maji. Mwekezaji alitaka kupanua shimo la dhahabu, na wathamini walikuwa wanapita na rangi nyekundu, wakiandika namba kwenye nyumba. Na pale kijijini, tusifichane, watu wanajua kutegesha: ukisikia shimo linakuja, unasimamisha kibanda chapuchapu, unachomeka miche, unangoja fidia. Jirani yake Hosea alikuwa na nyumba tatu zisizo na milango. Zote zilipita, maana aliziwahisha zikaingia kwenye picha ya setilaiti ya mwaka juzi; kisichomo humo huhesabiwa kipya. Nyumba ya Mama Mniko, ya miaka thelathini na moja, haikuingia. Siku ya picha wingu lilikaa juu ya paa lake. Ikaandikwa tegesha, namba 117, ivunjwe bila fidia, pamoja na kaburi la mumewe nyuma ya jiko.

Jioni alikuja Mwalimu Generoza wa jiografia, mtu wa Bukoba.

"Kitabu kinasema barafu haikufika Tarime," alisema. Akavua viatu, akaingia majini, akatoka haraka. "Haya, imefika."

Akaeleza kazi za ziwa. Zile ngazi za kilimani zilikuwa kingo zake, kila lilipopungua likaacha moja. Kokoto za mviringo zinazovunja majembe lilizisaga lenyewe. Udongo wa kusiriba ni tope la sakafu yake. Kwenye shimo la udongo alionyesha mistari, mweupe na mweusi, jozi moja kila mwaka. Alihesabu elfu tatu, shingo ikamuuma.

Kisha akautazama ukuta. Akaomba kisu, akakata kipande karibu na mlango. Matabaka ya kusiriba yalikuwa thelathini na moja.

Mama Mniko alifurahi, jamani, akachinja kuku.

Alhamisi akaja Raphael, mthamini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mura. Hesabu ukuta huu."

Raphael akahesabu, ni mtu mwadilifu. "Thelathini na moja. Lakini udongo hauna muhuri." Akaangalia ziwa, akaangalia kishikwambi. "Na hili kwenye picha halipo."

"Lina miaka elfu kumi na mbili," alisema Mwalimu.

"Wote wanasema hivyo." Akaandika 118 juu ya maji. Rangi ilikaa.

"Basi pigeni picha nyingine," Mama Mniko aliomba. "Siku isiyo na wingu."

Wakapiga. Raphael mwenyewe aliileta Jumamosi, anatabasamu. Nyumba ilionekana vizuri, na kaburi, na ziwa, na barafu.

"Umeona, mama? Mwaka juzi havikuwepo. Vyote vipya."

Mama Mniko alimrudishia picha. Akachota maji ziwani, akakanda udongo, akaendelea kusiriba.

Tingatinga lilifika Jumatatu. Dereva aliomba maji ya baridi, akapewa, akashukuru, kisha akaanza kazi. Ukuta wa mashariki ulikuwa bado mbichi.