Damu Iliyosafishwa Kabla ya Kipimo

Sharifo akishaona njia haulizi kama ina shimo. Daktari Nekesa wa Kitale alikuwa amewaeleza vizuri tu. Mumewe, Abdirashid, alikuwa na saratani ya utumbo wa chini kabisa, pale penye njia ya haja kubwa. Mionzi na dawa zimekwisha, na sasa watamtoa damu waone mwili umetulia kiasi gani. "Damu ikiwa na moto mwingi," daktari alisema, "mara nyingi ni dalili ugonjwa haujasikia dawa. Ikiwa imepoa, tunaenda kwa upasuaji na matumaini." Sharifo alilishika neno damu, mengine akayaacha kwenye kiti.

Kama ni damu itakayopimwa, si isafishwe kwanza? Nani humkaribisha mgeni kabla ya kufagia? Basi Ijumaa, siku nne kabla ya kipimo, walitoka Bungoma wakafikia Kibomet, karibu na Kitale, kwa Zahid, binamu yake Sharifo, anayefanya hijama. Huchanja ngozi vijichale kwa wembe, akabandika vikombe, damu chafu ikatoka.

"Na daktari alisema nini?" Abdirashid aliuliza, shati tayari mkononi.

"Alikataza dawa za miti. Hii ni sunna, si miti."

Mume akalala kifudifudi. Vikombe saba.

Jumanne daktari aliiangalia karatasi ya maabara, akaiangalia tena. Kipimo kile cha moto wa damu, kabla ya matibabu, kilikuwa tisa. Sasa kilikuwa sitini na nne.

"Sitawaficha," alisema. "Hii inanipa wasiwasi. Inawezekana ugonjwa umekaidi dawa."

Tangu Jumapili Sharifo alikuwa akimkanda mumewe mgongo kwa maji ya chumvi, kwa sababu chale mbili zilikuwa zimevimba na kutoa usaha. Alimtazama Abdirashid. Abdirashid alitazama sakafu, na Sharifo akajua kwamba mtu huyu angekubali kuitwa mahututi kuliko kumtaja mkewe. Mficha maradhi kilio humfichua, na yeye hakutaka kilio.

"Daktari, ni mimi."

"Ni wewe nini, mama?"

Alimpandisha mumewe shati. Daktari Nekesa aliinama akazihesabu chale.

"Ati mlisafisha damu ndio ipite mtihani?"

"Eeh."

"Na hamngeniuliza, bana?" Alikuwa amekasirika kweli, lakini mikono yake ilikuwa ya upole pale mgongoni. "Haya. Vidonda kama hivi peke yake vinaweza kupandisha namba. Nitampa dawa ya usaha. Mrudi baada ya wiki tatu, na asiguswe na wembe."

Wiki tatu hizo Sharifo hakutulia. Alifagia ua mara tatu kwa siku, akaunguza mikate ya anjera, akagombana na muuza maziwa ambaye hakuwa na kosa lolote. Asubuhi na jioni alimulika mgongo wa mumewe kwa simu.

"Utanimaliza ngozi kwa kuiangalia, mama Mulki," Abdirashid alimtania, akimwita kwa jina la binti yao.

Hakumlaumu hata siku moja, na hilo lilimuumiza zaidi. Lakini chini ya aibu ile kulikuwa na furaha ambayo hangethubutu kumwambia mtu. Kama moto umetoka kwa chale, basi haukutoka kwa saratani. Kila alfajiri, juu ya mkeka wake, aliomba dua ambayo hakuwahi kufundishwa na yeyote: Ya Rabi, kosa liwe langu.

Waliporudi Kitale, chale zilikuwa zimefunga, ngozi laini. Damu ikatolewa. Walingoja kwenye benchi mpaka adhuhuri, Sharifo akisimama na kuketi, akisimama na kuketi, hadi daktari alipotoka mwenyewe na karatasi na kuwaingiza ndani.

"Mgongo umepona kabisa," alisema.

"Na damu?"

"Sabini na moja."

"Basi kuna kidonda kimebaki," Sharifo alisema haraka. "Mwangalie tena. Zahid alikata vibaya, na ni mimi nilimpeleka. Ni mimi, daktari."

"Si wewe, mama Mulki." Daktari aliketi karibu naye. "Namba si hukumu, na tutampiga picha za tumbo Alhamisi kabla ya kuamua kuhusu upasuaji. Lakini hii haikutoka kwa wembe. Si wewe."

Abdirashid alimshika mkewe mkono, akajaribu kutabasamu. "Umesikia? Umeachiliwa."

Sharifo aliuvuta mkono wake. Akaanza kumfungua mumewe vifungo vya shati, kimoja baada ya kingine, huku akimsihi daktari alete taa, aangalie tena, aangalie vizuri, pale chini ya bega la kushoto.