Bendi ya Chumba cha Mwisho

Mimi nina masikio, na hilo sioni haya kulisema. Haya yangu iko kwingine. Mwaka wa sitini na saba hapa Eldoret hakuna Mwafrika mwingine aliyekuwa na santuri za bendi kama zangu. Nilizinunua sanduku zima pamoja na gramafoni kwa mzungu wa Kaptagat aliyekuwa akirudi kwao. Kila Jumapili baada ya kanisa Wamalwa, karani wa posta, alikuja dukani kwangu tusikilize. Kwao alikuwa amepuliza tromboni kanisani, kwa hivyo tulibishana vizuri.

"Sikia huyo wa klarineti anavyoiba pumzi," namwambia.

"Wacha wewe! Hajaiba, ngoma imempa nafasi."

Jumapili moja nilimwalika pia jirani yangu wa shambani, Nderitu. Kampuni yetu ya kununua mashamba ilikuwa imegawa ploti kule Burnt Forest. Yake ilifika mtoni, yangu ikabaki nyuma yake, kavu. Nilitaka aniachie njia ya kupeleka ng'ombe majini, na alikuwa amekataa mara mbili. Bila maji ile ploti ilikuwa ya kutazama tu, na Mwihaki, mke wangu, alishaniuliza tutaitazama mpaka lini.

Tukanywa chai. Wamalwa akapekua sanduku mpaka chini, akatoa santuri yenye karatasi nyekundu katikati. "Mzee Gichuru, hii mbona hujawahi kutuwekea?"

"Imekwaruzwa," nikasema.

"Imekwaruzwa wapi? Iko safi kabisa!" Akaiweka.

Ai! Ilikuwa machi, muziki wa gwaride wa bendi ya jeshi: filimbi zinatangulia, klarineti zinajibu, halafu tromboni zinashuka zote pamoja. Naijua kila pumzi yake. Wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari ya mkoloni, nilikuwa mtumishi katika kambi ya kizuizini, na kazi yangu ilikuwa kuweka santuri kwenye spika. Afisa akitaka kuhoji watu katika chumba cha mwisho, ananipigia kelele, "Bendi!" Nami naongeza sauti, ili wageni wake waliokuwa wakinywa chai barazani wasisikie watu wakilia. Na kibaya zaidi, nilikuwa nikisikiliza. Mtu analia kule, mimi nimeinama kwenye spika najifunza kutofautisha klarineti na filimbi. Masikio haya ninayojivunia niliyapata hapo.

Eldoret hakuna aliyejua. Nilipoinua macho, Nderitu alikuwa ameweka kikombe chini, machozi yanamtiririka na hayafuti.

"Hii nilikuwa nikiisikia kizuizini," akasema. Akataja kambi. Ilikuwa ile ile. "Wakipiga wenzetu, kulikuwa na mtu anatuwekea hii. Sisi tuliobaki ndani hatukusikia vilio, tulisikia bendi. Mimi nilizifuata hizo tromboni mpaka zamu yangu ikafika, na ndiyo sababu sikushikwa na wazimu. Niliwaambia wenzangu, huyo ni mtu wetu, anatuonea huruma. Nikimpata leo, njia ya maji ni nini? Hata mto wote nampa."

"Mungu ni mkubwa," Wamalwa akasema.

Ningenyamaza tu. Kunyamaza peke yake kungekuwa aibu ya kunitosha maisha yangu yote. Lakini nilifikiria ng'ombe wangu, shenzi mimi, nikasema, "Ni mimi."

Nderitu akasimama. "Wewe? Ulikuwa ukitufichia vilio?"

"Ndiyo," nikasema. "Nilikuwa nikiwafichia."

Akanikumbatia mpaka mbavu zikaniuma. Njia akanipa papo hapo, pana ya kupitisha mkokoteni, Wamalwa akaandika na sisi tukatia sahihi. Sahihi yangu ya kwanza niliikosea. Nderitu akanipigapiga begani akisema polepole ndugu yangu, hayo yalipita.

Jumamosi nikapeleka ng'ombe mara ya kwanza. Nikamkuta Nderitu amesimama kando ya mto na watoto wake wanne, wameoshwa nyuso na kuvalishwa nguo za kanisani. Nikamuuliza kama kuna sherehe.

"Tulikuwa tunakungoja," akasema, kisha akawageukia watoto. "Msalimieni mzee. Huyu ndiye yule mtu wa bendi tunayemwombea kila jioni. Sasa mtamwombea kwa jina."

Wakaja mmoja mmoja, mkubwa mpaka mdogo, wakinyoosha mikono. Nikawasalimia wote wanne.