Kidonge cha Getini

Mimi Gidion wa Terrat nimeuza ng'ombe miaka thelathini, na si mtu wa kubabaishwa na karatasi. Lakini ile ya maabara ilinivuruga kichwa.

Mwanangu Elirehema anaumwa akili. Miaka mitatu iliyopita ugonjwa ulimpeleka Momela kwa miguu, askari wa hifadhi wakamkuta amesimama katikati ya nyati, anawahubiria. Tangu hapo anameza lithiamu asubuhi na jioni. Alitulia, akarudi shuleni kufundisha hesabu. Kila miezi mitatu anatolewa damu kliniki, ionekane dawa iko kiasi gani. Zamani mama yake, Nashilu, ndiye aliyempeleka. Mwaka huu goti lilimgomea, nikashika zamu mimi.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Machi karatasi ilisema dawa imezidi, daktari akapunguza vidonge. Juni imezidi tena, akapunguza tena. Na mwanangu, huku dawa ikiwa imezidi, akaanza kukosa usingizi, maneno hayakauki mdomoni, akagawa viatu vyake vyote kwa wanafunzi. Sasa kama damu imejaa dawa, ugonjwa unapitia wapi? Niliogopa sana. Nilijua akienda Momela mara ya pili, huenda nyati wasimsikilize.

Septemba, Daktari Maulida, binti wa umri wa wajukuu zangu, aliitazama karatasi mpya muda mrefu.

"Mzee, hata mimi sielewi. Namba inasema imezidi, ila nikimtazama naona haitoshi. Elirehema, leo asubuhi ulimeza dawa?"

Mtu aliyekuwa anaongea tangu Terrat bila kupumua, sasa alikuwa na neno moja tu. Akatazama sakafu. "Sikumeza."

"Kwani akimeza kuna ubaya gani?" nikauliza kwa ukali.

"Dawa ikimezwa, inapanda haraka kwenye damu, mzee, halafu inashuka taratibu mpaka itulie. Sisi tunapima ile iliyotulia, zikishapita saa kumi na mbili tangu kidonge cha jioni. Ndiyo dawa anayoishi nayo." Akashika kalamu. "Kama hakumeza na bado imezidi hivi, itabidi niisimamishe kabisa."

Hapo nikakumbuka hila ya biashara yangu. Ng'ombe wa mnada, alfajiri unamlambisha magadi. Anapata kiu, anakunywa maji mpaka tumbo linajaa, mnunuzi anaona kanenepa. Kesho yake maji yametoka na mbavu ni zile zile. Na mimi, kila siku ya kliniki, pale getini, nilikuwa nampa mwanangu vidonge vyake vya asubuhi na kimoja cha nyongeza, ili daktari aikute damu imeshiba, asituone wazembe.

Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Ila kifo hicho kingekuwa cha mwanangu.

"Daktari, weka kalamu chini," nikasema. "Ni mimi niliyemmezesha."

Binti wa watu hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alisema tu turudi kesho, bila kidonge cha asubuhi.

Nje nikamgeukia Elirehema. "Wewe ulijua?"

"Nilijua, baba. Machi nilikuambia, ukanikemea."

"Na leo ukadanganya! Wangekunyima dawa!"

"Ulishanipa kwa mkono wako. Ningesemaje mbele ya mgeni kwamba baba yangu amekosea?"

Mtu mgonjwa wa akili alikuwa analinda heshima yangu kwa damu yake, na mimi mzima sikuliona.

Kesho yake tulipofika getini alisimama, akanyoosha kiganja kwa mazoea. Nikamwonyesha mikono mitupu.

Karatasi ilikuja na namba ndogo, ndogo mno, na vidonge vyote vilivyopunguzwa vikarudishwa. Elirehema akaniinamishia kichwa nikiguse, kama watoto wa kwetu wanavyowaamkia wazazi. Nilichelewa kuuinua mkono.