Besi Yenye Mkia wa Mbayuwayu

Mimi ni mpiga dramu, na mpiga dramu huwajua wenzake kwa migongo. Kwa miaka minane nimeutazama mgongo wa Boitshepo Ramosweu zaidi kuliko nilivyoutazama uso wa mke wangu. Kwa hiyo haya sikuhadithiwa.

Boitshepo ni dereva wa greda. Huchonga barabara za changarawe upande wetu wa Ghanzi. Ana mikono mifupi minene, kifua kipana, na sauti isiyojua kunong'ona. Katika kundi letu la Marapo, yaani Mifupa, yeye alipiga gitaa la besi. Tulikuwa wanne: yeye, mimi Oteng, Tshenolo mwimbaji, na Modiri, mpiga gitaa aliyelianzisha kundi. Muziki wetu ni roki nzito, ile ya makoti ya ngozi, minyororo na kofia pana za wachunga ng'ombe, na makoti hatuyavui hata jua likipasua mawe.

Mambo yalianzia Kang, kwenye tamasha la mwezi wa Aprili. Mlinzi alimzuia Boitshepo kwenye ngazi za jukwaa.

"Wake za wanamuziki wanakaa kule kwenye hema, mama."

Alikuwa amevaa ngozi kuanzia shingoni hadi vifundoni, besi iko mgongoni. Modiri akacheka. "Mwache apite, huyo ni wetu," akasema, kama mtu anayemtolea mbwa wake maelezo. Tukapanda, tukapiga. Mwishoni mtangazaji akataja majina matatu.

Tulipofika kwangu Boitshepo akaniambia, "Ijumaa unanisindikiza Gaborone. Nanunua besi nyingine."

"Hii ina kasoro gani?"

"Haionekani."

Duka lenyewe lilikuwa la vyombo vya muziki vilivyotumika, na mwenye duka alikuwa mtu mzima mwenye heshima nyingi mno. Alimtazama Boitshepo, akamletea kigitaa chepesi, kifupi, rangi ya waridi.

"Hiki kinawafaa sana akina mama. Hakichoshi."

"Mimi naendesha tani kumi na tano," Boitshepo akamjibu. "Kirudishe kabla sijakikalia."

Alijaribu besi tano au sita. Alikuwa akizishika, anapiga nyuzi mara mbili tatu, anazirudisha. Kisha akanyanyua kidole kuelekea juu ya mlango. Pale lilining'inia gitaa moja la besi la rangi nyekundu iliyokolea, kama damu ya ng'ombe iliyokauka. Halikuwa na kiuno wala tumbo kama magitaa mengine. Kiwiliwili chake kilipasuka katikati kikawa mabawa mawili marefu yenye ncha, kama mkia wa mbayuwayu.

"Lile lipo miaka mitatu," mwenye duka akasema. "Watu hulipiga picha tu. Ukikaa nalo linateleza, ukisimama linainama. Lile, mama, ni la kutundika ukutani."

"Basi mimi ndiye ukuta. Lishushe."

Akakaa nalo, likateleza kweli, likamgonga goti. Akalirudisha pajani, likateleza tena. Lakini alipolichomeka kwenye spika na kuuvuta uzi mnene, vioo vya kabati vilitetemeka na mwenye duka akaacha kutabasamu. Boitshepo hakupiga uzi wa pili. Alilinunua.

Jumatatu alilileta mazoezini, kwenye gereji ya shemeji wa Tshenolo. Modiri alilitazama kwa muda. Lazima niseme kwamba gitaa la Modiri mwenyewe lilikuwa na pembe, na alilitunza kama yai.

"Hii nini?"

"Besi."

"Besi inakaa nyuma, Boitshepo. Haivai pembe. Watu watamtazama nani sasa? Mafahali wawili hawakai zizi moja."

"Mimi si fahali. Mimi ni jike lenye pembe, na nikikutazama vizuri, zako fupi."

Tshenolo alicheka mpaka akashika ukuta. Modiri hakucheka.

Tatizo ni kwamba mwenye duka hakuwa amedanganya. Kila Boitshepo alipoachia mkono wa kushoto, shingo ya besi ilianguka kuelekea sakafuni kama kichwa cha mlevi. Ilibidi aishikilie huku akitafuta noti, kwa hiyo alichelewa. Mkanda ulimla kwenye mfupa wa bega. Ncha ya bawa la chini ilimchoma nyonga, na kiganja cha kulia hakikuwa na mahali pa kuegemea. Wiki ya pili nikaona bega lake la kushoto limeshuka tangu wimbo wa kwanza.

"Limekushinda," Modiri akamwambia mbele yetu sote.

"Halijanishinda. Bado halijanizoea."

Mimi nilikuwa na maoni kama ya Modiri moyoni, lakini kwa woga nikayahifadhi hadi nilipokuwa peke yangu na Boitshepo kwenye gari lake.

"Unapiga kama mtu aliyebeba ndoo," nikamwambia. "Rudi kwenye ile ya zamani. Hakuna atakayekucheka."

Akasimamisha gari katikati ya barabara. "Shuka."

"Boitshepo, kwangu ni kilomita nne!"

"Utapata nafasi ya kuhesabu ndoo."

Nilitembea. Siku mbili hakupokea simu yangu. Ya tatu akaja mwenyewe, akakaa kwenye kizingiti, akavuta kola ya shati kunionyesha alama nyekundu begani.

"Linaumiza," akasema. Sikuwahi kumsikia akilisema neno hilo. "Lakini silirudishi, Oteng. Nikilirudisha, nitarudi na mimi kule nyuma. Twende kwa binamu yangu."

Binamu yake, Gaotlhobogwe, hushona matandiko ya punda wa mikokoteni. Kwa Batswana, mtoto wa mjomba ni mtani wako tangu kuzaliwa, na hawa wawili hawakujua namna nyingine ya kusalimiana.

"Binamu! Umeniletea punda au wewe ndiye punda?"

"Nimekuja kuona kama bado unanuka kama wateja wako."

Gaotlhobogwe akamvisha Boitshepo besi, akamzunguka, akambonyeza bega hadi akaruka.

"Punda haumizwi na mzigo," akasema. "Anaumizwa na mkanda uliokaa pabaya. Hiki kigingi cha mkanda kiko wapi? Hapa kwenye maungio ya shingo? Aliyekiweka hapa hajawahi kufunga hata mbuzi. Nataka kukihamishia huku, kwenye bega la bawa."

"Hamisha."

"Lazima nitoboe mbao."

Mimi nikasema, "Ngoja kwanza—"

"Toboa," Boitshepo akasema, na akaishikilia besi mwenyewe wakati keekee ikiingia. Vumbi jekundu lilimwangukia miguuni. Hakukwepesha macho.

Gaotlhobogwe akakata mkanda mpana kama kiganja kwa ngozi ya ng'ombe, upande wa nyama ukikaa ndani ili ulishike shati usiteleze. Shingo ilipungua kuanguka, lakini bado iliinama. Hapo Boitshepo mwenyewe akaenda kwenye gari, akarudi na vipande vya madini ya risasi vya kusawazishia magurudumu. Wakavishonea kwenye kifuko mwisho wa mkanda, nyuma kabisa. Akavaa. Akaachia mikono yote miwili. Besi ikabaki hewani, imetulia. Kwenye ukingo wa bawa la juu Gaotlhobogwe akambandikia pedi ya kuegemeza mkono.

"Na ukikaa," binamu akasema, "usilipakate. Ingiza paja la kulia kati ya mabawa, kama unampanda punda kinyumenyume."

Alikaa, akaingiza paja, na shingo ikapanda hadi usawa wa kidevu. Ile mikono yake mifupi sasa ilifika kila mahali. Akapiga kwa saa nzima bila spika, na punda wa watu wakimtazama.

Maonyesho ya wafugaji ya Ghanzi yalikuwa Jumamosi iliyofuata, na zamu yetu ilikuwa saa tisa mchana. Saa nane Modiri akatutumia ujumbe sote: kama besi ile inapanda jukwaani, yeye hapandi. Tshenolo aliusoma mara tatu, akaniangalia. Nilijua alichotaka niseme, kwamba besi ile ibaki chini, na nilitaka kukisema.

Boitshepo alikuwa anakula nyama ya kupondwa na ugali wa mtama, akamaliza kwanza, akalamba kidole.

"Tunapanda watatu."

"Roki bila gitaa?" Tshenolo akauliza. "Dada, watatupiga makopo."

"Makopo hayaui."

Tukapanda. Boitshepo hakwenda kusimama karibu na dramu zangu alikozoea. Alitembea hadi ukingoni kabisa, pale ambapo Modiri husimama, akapanua miguu, mabawa mekundu yakaelekea jua. Mtu akapiga kelele, "Gitaa liko wapi?" Kopo moja likaja kweli, likagonga sahani ya dramu yangu.

Akauvuta uzi mnene. Nikaingia nyuma yake, maana sikuwa na mwingine wa kumfuata. Pale palipokuwa na gitaa, alipajaza kwa noti nzito zilizokwaruza kama kisu cha greda juu ya mawe, akiteremka na kupanda bila kuangalia vidole. Wimbo wa kwanza watu waliondoka, nisiwadanganye, labda theluthi nzima. Wa pili waliobaki wakasogea. Wa tatu vumbi lilikuwa juu kuliko kofia, na wachungaji wa ng'ombe walikuwa wakigonga buti chini mpaka nikawasikia kupitia kiti changu. Mgongo wake uliokuwa mbele yangu ulikuwa umenyooka, mabega yote mawili sawa.

Modiri alikuwa kwenye uzio. Nilimwona wimbo wa nne, gitaa lake likiwa bado kwenye mfuko wake wa kubebea. Sikujua kama anataka kupanda au anataka kulia. Wimbo wa sita hakuwepo tena. Sasa ana kundi lake Maun, wanapiga vizuri, na hatusalimiani. Jambo hilo linaniuma zaidi kuliko linavyomuuma Boitshepo.

Mwezi uliofuata waandaaji wa tamasha la Ghanzi Kusini walipiga simu tukiwa gereji. Walitutaka, mradi tutafute mpiga gitaa kwanza, kwa sababu watu wamezoea hivyo.

Boitshepo alikuwa amekaa, paja kati ya mabawa. Hakuiacha besi. Akaibana simu kwa bega.

"Tunakuja watatu," akasema. "Kama hamtaki niambieni sasa hivi, nina barabara ya kuchonga."

Alipiga noti moja akisubiri jibu, kisha nyingine.