Mama Kobia

Jumamosi saa mbili asubuhi, Kathambi alipakia garini vitu vya siku mbili: sufuria mbili, chane ya ndizi, blanketi, jerikeni ya maziwa na kuku aliyekwisha kunyonyolewa. Mumewe, Riungu, alikuwa akipangusa kioo cha mbele kwa kitambaa ambacho mtu mwingine hakuruhusiwa kukigusa. Walikuwa wanatoka Makutano, pale Meru mjini, kwenda Ruiri, mwendo wa nusu saa, wakalale usiku mmoja katika nyumba ya kukodi yenye veranda.

Safari ilikuwa wazo la Kathambi. Walikuwa wametimiza miaka kumi na moja ya ndoa bila mtoto, na alikuwa na neno la kumwambia Riungu mbali na nyumbani. Daktari alikuwa amempima yeye mara tatu na kumwona hana tatizo lolote. Sasa alitaka kumpima mume.

Mama yake Riungu, Cicily, alikuja pia. Alisema hajawahi kulala Ruiri. Alikaa kiti cha mbele.

Gari lilikuwa dogo, la kijivu. Riungu alilinunua kwa mtu wa Embu miaka mitatu iliyopita, na kila Jumapili kabla ya kanisa alikuwa akiliosha mwenyewe, kuanzia paa hadi magurudumu. Kwa miezi kadhaa sasa lilikuwa likinywa maji kuliko kawaida, na tumbo lake lilikuwa likikwaruza matuta. Fundi wa Makutano alikuwa amelala chini yake, akagonga hapa na pale, akatoka akifuta mikono.

“Hii gari si mgonjwa,” alisema. “Endesha tu pole pole. Usiibebeshe mzigo.”

Kwa hiyo Riungu alimwambia Kathambi ashushe ndizi. Na kila walipofika kwenye tuta alisimamisha gari, Kathambi akashuka, akavuka kwa miguu, akapanda tena ng’ambo ya pili. Cicily hakushuka kwa sababu ya magoti. Kwenye tuta la nne tumbo la gari liligusa lami.

“Pole, mama,” Riungu alisema kwa sauti ya chini. “Pole sana.”

“Asante,” Kathambi alijibu akifunga mlango. Ndipo alipoona kwamba mume wake alikuwa akipapasa usukani.

Walitumia saa moja na nusu kufika. Mwenye nyumba, Phyllis, alikuwa muuguzi mstaafu aliyezalisha akina mama kwa miaka thelathini na miwili. Aliwaonyesha vyumba, tangi la maji na mahali pa kuegesha, kwenye nyasi. Aliliangalia gari kwa muda, akainama, akaweka kiganja juu ya boneti.

“Mnalala usiku mmoja tu?” aliuliza. “Haya. Tutaona.”

Baada ya chakula cha mchana Cicily alijinyoosha kitandani. Kathambi na Riungu walibaki kwenye veranda na chupa ya chai. Upepo ulikuwa mkavu, milima ya Nyambene ilionekana vizuri, na Riungu alikuwa amevua viatu. Kathambi aliona hakuna saa nyingine.

“Daktari amesema mimi niko sawa,” alianza. “Anataka ukuje upimwe.”

“Tutaongea.”

“Tumesema tutaongea miaka minne sasa.”

Riungu alikoroga chai ambayo ilikuwa imekwisha kukorogwa. Mjini alikuwa na duka la dawa za mifugo, na wafugaji walimwamini.

“Wewe ndiye huambia wakulima wapime ndume kwanza,” Kathambi alisema.

“Hao ni ng’ombe, Kathambi.”

Gari likaguna. Lilikuwa limezimwa tangu asubuhi. Liliguna mara ya pili, kwa muda mrefu zaidi, na maji yakamwagika kwenye nyasi. Riungu alikimbia bila viatu.

Phyllis alikuja na gunia, akalitandika, akaingia chini ya gari chali. Aliagiza maji ya moto, chupa ya oili na taulo kuukuu. Kathambi ndiye aliyeyachemsha maji. Riungu alipiga magoti mbele ya gari na kushika kioo cha pembeni kama mtu anayeshika mkono. “Uko karibu,” alikuwa akisema. “Uko karibu, mama.” Kathambi aliweka ndoo chini, akasimama akamtazama. Mwaka ule alipolazwa siku nne kwa malaria, Riungu alikuja mara moja tu, akakaa kiti cha karibu na mlango, na simu mkononi.

Kathambi alikuwa amekwenda kuona watoto wa watu wengi. Alipeleka uji kwa shemeji zake, kwa majirani, kwa walimu wenzake wa chekechea, akashika watoto wao na kuwarudisha. Moyo ulikuwa umezoea. Lakini siku hiyo, pale kwenye nyasi, alitamani gari lile lipate maumivu zaidi.

Saa kumi na dakika ishirini mtoto alizaliwa. Alikuwa wa kijivu, mkubwa kama toroli, amelowa oili, taa zake zimefumba. Phyllis alimpiga kofi moja mgongoni, naye akapiga honi nyembamba.

“Mvulana,” Phyllis alisema, akimfunga kwa taulo.

Cicily alitoka chumbani akipiga vigelegele na hakuyakumbuka magoti. Alimchukua mtoto, akamgeuza kwenye mwanga. “Angalia jicho la kushoto,” alimwambia Kathambi. “Ni dogo kuliko la kulia. Kama la Riungu. Kama la babake Riungu.” Kathambi aliangalia. Ilikuwa kweli.

Walimwita Kobia, jina la babu yake. Hivyo Riungu akawa Baba Kobia kabla jua halijashuka, nalo gari likawa Mama Kobia. Wanawake wa Ruiri walisikia vigelegele, wakaja na thamosi za uji wa wimbi. Walimpa pole Mama Kobia, wakamfungua boneti apate hewa. Mmoja aliuliza kama Kathambi ni dada wa baba.

“Ni mke wake,” Cicily alisema, akimbembeleza mtoto aache kupiga honi. “Mimi niliwaambia zamani. Shida haikuwa kwetu.”

Wale wanawake walimwangalia Kathambi kwa huruma, na mmoja akamjazia kikombe.

Alipopata nafasi alimfuata Phyllis kwenye bomba, akamshikia sabuni.

“Sista, hii inaonyesha kwamba bwana yangu yuko sawa?”

Phyllis alisugua oili kwenye kucha. “Hapana. Nimezalisha miaka mingi. Mama ya mtoto tunamjua. Baba tunaambiwa tu. Huyo bwana apimwe kama watu wengine.”

“Njoo uwaambie.”

Phyllis alikuja mpaka kwenye veranda, akawaambia kwa maneno yale yale. Cicily alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaomba kuongezewa chai. Riungu hakuinua macho. Mtoto alikuwa amelala mapajani mwake, na injini yake ilikuwa ikinguruma taratibu.

“Kupimwa nini tena, Kathambi?” alisema. “Si huyu hapa?”

“Riungu, nimekuomba.”

“Usimwonee mtoto wivu,” alisema, bila ukali. “Si vizuri.”

Jumapili walirudi. Phyllis alionya kwamba mama aliyejifungua jana asibebe zaidi ya watu wawili, kwa hiyo Riungu aliendesha, Cicily akampakata Kobia, na Kathambi akarudi kwa pikipiki na sufuria. Pikipiki iliwapita kwenye mlima, gari likipanda pole pole sana. Kathambi alipunga mkono. Riungu aliweka kidole midomoni, kwamba mtoto amelala.

Jioni hiyo majirani walijaa uani Makutano. Lenah wa nyumba ya pili alileta shuka ndogo aliyokuwa ameinunua miaka tisa iliyopita kwa ajili ya mtoto wa Kathambi. Alikuwa ameitunza kabatini tangu wakati huo. Alipita karibu na Kathambi, akamsalimu, akaenda kumfunika Kobia. Mchungaji alipokuja aliuliza Mama Kobia yuko wapi ampe hongera, na watu wote wakaelekeza kwenye kibanda cha gari. Kathambi ndiye aliyegawa vikombe.

Jumatatu alivaa nguo za kazi. Cicily alikuwa amekwisha kuamua vingine.

“Omba ruhusa mwezi mmoja,” alisema. “Watoto wa watu watapata mwalimu mwingine. Huyu analia, na Riungu ana duka.”

“Mama, huyu si wangu.”

“Ni wa nyumba hii. Wewe ni wa wapi?”

Kathambi alivua viatu vya kazi. Kobia alikuwa akipiga honi tangu alfajiri, na si Riungu wala Cicily aliyeweza kumtuliza. Kathambi alikaa kwenye ngazi, akamvuta karibu kwa bampa. Mtoto alinyamaza hapo hapo. Alifumbua taa zake, kwanza ya kulia, kisha ile ndogo ya kushoto, akamtazama. Alikuwa na joto. Kathambi aligundua kwamba alikuwa mzuri, na jambo hilo lilimuuma kuliko yote aliyoyasikia Ruiri.

Riungu alipita akienda dukani, akasimama, akawatazama wote wawili kwa furaha.

“Anakupenda,” alisema. “Umeona? Utazoea.”

Alikwenda kwenye kibanda, akakaa huko kwa muda, akiongea kwa sauti ya chini. Aliporudi alikuwa na ndoo tupu. Aliiweka miguuni pa Kathambi.

“Mama Kobia anataka maji,” alisema. “Ya vuguvugu, si baridi.”

Kathambi alimfuta mtoto vumbi usoni kwa pindo la leso yake, akachukua ndoo, akaenda kuwasha jiko.