Jogoo wa Shukrani

Jumapili Rahabu alimpeleka jogoo wake kanisani, akasimama mbele ya watu akasema anamshukuru Mungu, mumewe amepona. Abrahamu hakuwa amepona. Alikuwa kitandani, mguu umevimba hadi gotini tangu jembe limkate shambani.

Msimwite mwongo, jamani. Mwalimu Thomas ndiye aliyemfundisha. Huyu alitupa chaki ruksa ya biashara ilipokuja, akaanza kuuza mitumba Lushoto mjini, na pale juu ya marobota yake alifafanua Biblia kuliko mchungaji.

"Yesu aliposema mlima utang'oka, hakusema milima hii yetu," alimwambia. "Mlima uko ndani yako. Amini umeshapokea, na cha nje kitafuata. Ukisema bado, kitabaki bado."

Jogoo akanadiwa nje ya kanisa kama sadaka zote za shambani, watu wakapiga vigelegele. Rahabu alipofika nyumbani, Abrahamu alimwambia maumivu yamepungua. Mkewe akalia kwa furaha.

Jumatatu asubuhi majirani walikuwa wamepanga kumbeba Abrahamu kwa machela hadi hospitali. Hakuja mtu. Rahabu akachungulia njia, akarudi ndani, akachungulia tena, mpaka akili ikamjia: nani atakuja kumbeba mtu aliyepona?

Alichanganyikiwa vibaya. Akiwaita, itabidi aseme kwa kinywa chake kwamba mumewe bado mgonjwa, na je, neno hilo si ndilo litakalommaliza? Asipowaita, je? Aliugusa ule mguu. Ulikuwa wa moto kama sufuria.

Akakimbia kwa mzee Yassir, kiongozi wa wabebaji.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Tumesikia habari njema!"

"Hajapona," akasema.

Wanaume wanane walimbeba kwa kupokezana, mteremko mzima. Daktari alisema wangechelewa siku moja tu, mguu ungekatwa.

Baada ya wiki tatu Abrahamu alirudi akitembea mwenyewe. Mwalimu Thomas akaja mbio. "Umeiona imani yako, mama?" Rahabu akamwandalia chai huku akiwaza. Kama ni imani iliyomponya, mbona nusura imuue? Na kama si imani, yeye Jumapili ile alishukuru nini?

Mwalimu alipoondoka, akamgeukia mumewe.

"Siku ile uliposema maumivu yamepungua, yalikuwa yamepungua kweli?"

Abrahamu aliinamisha kichwa.

"Yalikuwa yamezidi," akasema. "Lakini ulishashukuru mbele za watu, mke wangu. Ningekuaibishaje?"