Rejeta Mahali Pasipo na Upepo

Mimi sipendi kitu kilichokaa mahali pasipofaa. Mtu akiweka chumvi kwenye kopo la sukari, lazima nijue ni nani na alikuwa anafikiria nini. Kwa hivyo siku ile, pale gereji yetu Riruta, nilipoingia chini ya Pijo 504 ya mteja wetu Ishan na kukuta rejeta ndogo ya kupoza oili imefungwa chini ya sakafu, upande wa abiria, ndani ya sanduku la bati, nilipiga kelele.

"Kimanzi! Kuja uone maajabu!"

Kimanzi ndiye mwenye gereji. Akainama, akachungulia, akacheka mpaka akashika kiuno.

"Rejeta inataka upepo, mbele ya gari. Hapa itapata upepo gani? Huyu fundi alikuwa mlevi!"

"Ni baba yangu," Ishan akasema nyuma yetu.

Wui! Kimanzi alimeza kicheko chake kizima kizima. Lakini Ishan hakukasirika. Alitueleza kwamba mzee Bharat, baba yake, alifariki miaka mitatu iliyopita akaacha hilo gari. Kila Jumamosi Ishan humpeleka mama yake nalo kutoka Muthangari hadi Kinoo kwa dada ya huyo mama, na kila wakianza kupanda kule juu Waiyaki Way, oili inafika nyuzi mia moja thelathini na tano na injini inaanza kugonga.

"Nimemwambia mama, ikishindikana mara hii nawapatia watu wa skrepu waikate vyuma. Hajaongea na mimi tangu Jumatatu."

"Haitaenda skrepu," nikasema, kama vile nimeulizwa.

Nilifanya kazi siku mbili, na siku zote mbili lile swali halikuniacha. Mlevi hafungi klampu mbili mbili kwa kila paipu. Mlevi hapaki bati rangi ndani na nje. Tena ndani ya gari, pale abiria anapoweka miguu, zulia lilikuwa limekatwa sawasawa na mahali pake pamewekwa bamba la alumini, kingo zote zimekunjwa zisimkate mtu. Mkono wa mzee ulikuwa safi kuliko wangu, na mimi sisifu watu ovyo. Sasa mbona akili imkose kwa jambo moja tu?

"Ndanu, fungua nati, wacha kuhoji marehemu," Kimanzi akaniambia.

"Kuuliza si ujinga."

"Sawa. Akikujibu, niite."

Nilitoa ile rejeta ya zamani na sanduku lake, Kimanzi akavitupa kwenye rundo la vyuma. Nikafunga mpya, kubwa mara mbili, mbele kabisa nyuma ya grili, na paipu ndefu za kufika huko. Mimi na Ishan tukaenda nayo mpaka Kinoo kuijaribu. Sikuangalia barabara hata kidogo, macho yangu yalikuwa kwenye geji ya joto la oili. Tisini na tano. Tisini na sita. Tukapanda ule mlima, ikafika tisini na nane, ikakaa hapo hapo. Ishan alipiga usukani kwa furaha, na mimi nikajisikia fundi wa mafundi.

Jumamosi asubuhi Ishan akaja na mama yake kuchukua gari. Ilikuwa Julai, na mnajua baridi ya Julai. Mama Indu ni mwanamke mdogo wa mwili, alivaa sweta mbili juu ya sari, na soksi nene. Aliingia mbele, akavua viatu, akaweka miguu juu ya lile bamba la alumini, akatulia kama mtu anayengojea chai iletwe. Mimi nikaingia nyuma, tukazunguka Naivasha Road ili aone kazi yetu.

Hakuangalia geji. Alikuwa anapapasa sakafu kwa miguu, huku na huku.

"Ishan, gari imepona?"

"Imepona kabisa, mama."

"Basi mbona iko baridi?"

Aki! Nikajisogeza mbele katikati ya viti.

"Mama, miguu yako inauma?"

"Tangu nimzae huyu. Baridi ikiingia kwa mifupa, silali. Lakini ndani ya gari hii haijawahi kuniuma, hata siku moja. Bharat alisema gari ni mzee, joto ya injini inapotea tu."

"Ishan, hii gari ina hita?"

"Haikuja nayo."

Hapo ndipo marehemu aliponijibu.

"Mama, hilo joto halikuwa linapotea," nikamwambia. Nikamweleza yote: rejeta iliyotolewa kwenye upepo ikaletwa chini ya miguu yake, sanduku la kushika joto, bamba la kulipandisha miguuni, kingo zilizokunjwa. "Alijua injini itaumia. Alikubali iumie."

Ishan alisimamisha gari kando ya barabara. Mama Indu akaanza kufoka, machozi yanamtiririka.

"Miaka ishirini na mbili! Kila Jumapili yuko chini ya gari, mimi namgombeza! Namwambia, wewe unapenda hii gari kuliko mimi! Na yeye anacheka tu! Kwa nini hakusema?"

Nikalia pia, na mimi si mtu wa kulia mbele ya wateja.

Tuliporudi gereji nilienda moja kwa moja kwenye rundo la vyuma nikachomoa ile rejeta ya zamani na sanduku lake.

"Umerukwa na akili?" Kimanzi akauliza. "Mpya inafanya kazi!"

"Mpya inabaki. Lakini oili itapita kwa mama kwanza, ikiwa bado moto. Halafu ndiyo iende mbele ikapoe."

Nikamweleza kwa nini. Kimanzi alivua kofia, akamwangalia mama aliyekuwa bado amekaa ndani ya gari na soksi zake, kisha akalala chini kando yangu kunishikia taa.

"Klampu ngapi?" akauliza.

"Mbili mbili," nikamwambia.